Taa Huyo, Taa Hiyo

Kila siku ya Julai, ilipofika saa tatu asubuhi, mama yake Damaris alishusha pazia zito la sebuleni na kulifungia jua nje. Hivyo ndivyo majira ya joto yalivyokwenda katika nyumba yao ya Al Thumama, jijini Doha. Shule zilikuwa zimefungwa. Barabarani lami ilichoma hadi ndani ya soli ya kiatu, na paka wa mtaa walijilaza chini ya magari wakingoja jioni. Ndani, kiyoyozi kilinguruma kutwa. Damaris, msichana wa miaka kumi na miwili, alifagia, akaosha vyombo, akafanya kurasa mbili za hesabu kama alivyoagizwa, kisha akalala kifudifudi zuliani akitazama filamu kwenye tableti.

Wazazi wake walitoka Kakamega, nchini Kenya. Baba yake, Job, aliendesha basi la kuwapeleka wauguzi kazini na kuwarudisha. Alianza kazi hiyo mwezi wa Machi, naye alikuwa bado katika miezi sita ya majaribio. Damaris alijua maana ya majaribio. Dereva akishindwa kazi katika miezi hiyo, huwekwa mwingine mahali pake. Vibali vya mama na vya Damaris vya kuishi Doha vilitegemea kazi ya baba. Baba akiikosa, wote watatu hufunga mizigo.

Kitu kilichokata uchovu wa siku hizo kilikuwa Alhamisi usiku. Usiku huo Job alikwenda kuvua samaki na rafiki yake, Rashidi, mpishi wa hoteli aliyetoka Nungwi, Zanzibar. Tangu Juni walikuwa wakimchukua Damaris pia. Gari dogo la Job liliwapitisha Al Wakrah hadi ufuo wenye mawe, kusini mwa bandari. Hata saa tatu usiku hewa ilikuwa nzito na yenye unyevu, na jasho halikukauka mwilini.

Rashidi alikuwa mwalimu mwema, ingawa alipenda kusifiwa. Alimweleza Damaris kwamba mchana maji ya ufuoni hupata moto kama maji ya kuogea, kwa hiyo samaki wakubwa hukaa kilindini. Usiku ndipo hupanda kwenye miamba kutafuta chakula. Waliyemtafuta wao ni chewa, samaki mnene mwenye mdomo mpana, ambaye watu wa Doha humwita hamuri. Rashidi alimwonyesha namna ya kumpitisha kamba wa chambo ndoana mkiani ili abaki hai, na namna ya kushika mshipi juu ya kidole cha shahada. Chewa hadonoi, alisema. Chewa humeza, akageuka kurudi shimoni kwake. Ukichelewa kumvuta mikono mitatu ya mwanzo, atajikaza ndani ya mwamba, na hapo umempoteza.

Alikuwa na masharti pia, naye hakuyafanyia mzaha. Hakuna kuvua peke yako. Kila baada ya muda mfupi mnaitana majina. Mnakunywa maji hata bila kiu. Kila mtu ana taa yake kichwani, na taa kubwa inawaka juu ya jiwe nchi kavu, ili aliye majini ajue pwani iko wapi. Viatu vya mpira havivuliwi. Tena, ukiingia majini, usinyanyue miguu, iburute mchangani.

"Kwa nini, anko?" Damaris aliuliza siku ya kwanza.

"Mchangani mna wenyewe, mwanangu," Rashidi alisema. "Ukiburuta miguu wanasikia unakuja, wanakupisha."

Job aliburuta miguu akicheka, akasema anatembea kama mtu aliyekatikiwa na ndara sokoni. Hakuna aliyeuliza hao wenyewe ni akina nani.

Damaris alipewa kazi moja: kuchaji taa ya kichwani ya baba na ile taa kubwa. Nyumbani kulikuwa na chaja moja tu iliyofaa, nayo ndiyo iliyochaji tableti. Alhamisi ya tarehe kumi Julai tableti ilikuwa karibu kuzima, na filamu ilikuwa imefika mahali pazuri. Damaris alichomeka tableti. Alijiambia kwamba atabadilisha baada ya nusu saa. Hakubadilisha.

Saa mbili usiku Job alisimama mlangoni na ndoo ya chambo mkononi. "Dama, taa umechaji?"

"Ndiyo, baba. Zimejaa."

Jibu lilitoka upesi kuliko alivyokusudia. Alipozitia taa zile ndani ya mfuko wake wa kijani, alifikiri kwamba moto uliobaki wiki iliyopita ungetosha.

Taa ya kichwani ya Job ilizima kabla hawajavua nusu saa. Job aliigonga kwa kiganja, akasema labda betri imezeeka. Rashidi alisema basi Bwana Job asiingie majini usiku ule, avulie juu ya mawe, na Job akakubali. Damaris alikaa kando ya taa kubwa. Mwanga wake ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Moyo ulimwambia aseme. Alipofungua mdomo, baba alipiga ukelele.

Alikuwa amenasa chewa. Mshipi ulikazika, ukakimbia upande, kisha ukasimama kwenye jiwe lililokuwa hatua chache ndani ya maji. Job alivuta, haukuja. Ilikuwa wiki ya tatu hawajapata samaki wa maana. Akashuka majini hadi magotini, akaburuta miguu kama alivyofundishwa, akafika kwenye jiwe na kuanza kuunasua mshipi kwa mikono.

Rashidi alikuwa upande wa kushoto, umbali wa hatua ishirini. Aligeuza kichwa, na mwanga wa taa yake ukapita juu ya maji nyuma ya Job.

"Job, taa huyo," aliita kwa nguvu. "Taa, nyuma yako!"

Job alisimama. Akatazama pwani, akaona kimwanga chekundu juu ya jiwe.

"Dama, taa ina nini?"

Damaris aliona kwamba amegunduliwa. Anko Rashidi ametambua kwamba taa haikuchajiwa, na sasa anamsema mbele ya baba. Hofu ikamjibia.

"Haina kitu, baba. Taa ni nzima."

"Nakuambia taa, Job, usinyanyue mguu," Rashidi alipaza sauti akija mbio. Lakini Job alikuwa amekwisha kutulizwa na sauti ya mtoto wake. Alinyanyua mguu wa kulia na kurudi nyuma hatua moja.

Job alitoa sauti ambayo Damaris hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Kitu kipana na cheusi kilipiga maji kama sinia na kuondoka. Rashidi alimshika Job kwapani na kumburuta hadi nchi kavu. Juu kidogo ya kisigino damu ilikuwa inatoka ndani ya kiatu cha mpira.

Yule hakuwa taa ya kuwasha. Alikuwa samaki aitwaye taa, mpana na bapa kama mkeka, anayejifukia mchangani, mwenye mwiba wa sumu mkiani. Watu wa pwani humjua kwa jina hilo tangu utotoni. Job, aliyekulia Kakamega, alijua taa moja tu.

Rashidi alikata kiatu kwa kisu cha chambo na kumtupia Damaris akitie ndani ya ule mfuko wa kijani. Kisha akamwaga chambo, akachanganya ndani ya ndoo maji ya moto ya chupa yake ya kahawa na maji ya bahari, akayapima kwanza kwa kiwiko chake mwenyewe. Mguu wa Job ukazamishwa humo. Sumu ya taa, alisema, hupungua nguvu kwa maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua. Alimwambia Damaris apige simu 999. Damaris alieleza kwa Kiingereza cha shule mahali walipo na kilichotokea. Gari la wagonjwa lilipofika, Job alikuwa anauma mkono wa shati lake.

Hospitali walisafisha jeraha, wakapiga picha, wakampa dawa. Picha haikuonyesha kitu. Alfajiri wakarudi nyumbani.

Mama yake Damaris, Carolyne, hakuwa mtu wa kufokafoka, lakini asubuhi ile alimsimamisha Rashidi mlangoni. Alimwuliza ni lugha gani hiyo ya kumwambia mtu aliye gizani "taa" halafu atarajie aelewe samaki.

Rashidi alikuwa na nguo zilezile za usiku, zenye chumvi. "Nilisema taa huyo, Mama Dama," alisema taratibu. "Sikusema taa hiyo. Kitu chenye uhai, huyo."

"Sisi kwetu mtu yuko majini usiku, hajui huyo wala hiyo. Si ungesema samaki?"

Rashidi aliinamisha kichwa. "Kweli. Ningesema samaki."

Aliondoka bila kunywa maji. Damaris alisimama nyuma ya mlango wa chumba chake, akasikia yote. Angeweza kutoka na kusema. Hakutoka.

Saa moja baadaye mama aliuliza ulipo mfuko wa kijani, maana alitaka kuufua. Damaris alifikiri mama atawasha zile taa. Alijibu kwamba mfuko ulisahauliwa ufuoni. Ulikuwa chini ya kitanda chake, nyuma ya sanduku la nguo za baridi. Usiku alipoufungua kidogo aliona kile kiatu kilichokatwa, na katika mpira wake umekwama mwiba mweupe wenye meno kama msumeno mdogo. Aliusukuma tena mbali.

Msimamizi wa madereva, Bwana Marvin, alimpa Job likizo mpaka Jumapili ya tarehe tatu Agosti. Alisema wazi kwamba zaidi ya hapo hana uwezo, kwa kuwa Job yumo katika majaribio, na basi la wauguzi haliwezi kukaa bila dereva wake. Mguu ulioumia ni wa kulia, mguu wa breki.

Siku zilipita na mguu haukupona. Uvimbe ulishuka, ukapanda tena. Jeraha lilifunga juu na kutoa usaha pembeni. Job alijaribu kukanyaga sakafu kila asubuhi akishika meza, na kila asubuhi uso wake ulibadilika. Jioni moja Damaris alimkuta mama ameteremsha masanduku ya safari juu ya kabati, anayapangusa vumbi. Tableti ilikaa kwenye rafu siku kumi bila kuwashwa.

Rashidi hakuja tena nyumbani. Alipiga simu kila usiku kumjulia hali Job, akazungumza kwa ufupi. Job alisikia kwamba kule hotelini Rashidi alikuwa hali chakula sawasawa.

Tarehe ishirini na nne, wazazi walirudi kutoka hospitali. Carolyne alimweka mumewe kitandani, akaja jikoni. Alimweleza Damaris, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumweleza, kwamba daktari anashuku kuna kipande cha mwiba kimebaki ndani ya nyama. Vipande kama hivyo wakati mwingine havionekani kwenye picha. Daktari alikuwa ameuliza kama mwiba ulipatikana, ili autazame kama umetoka mzima au ncha imevunjika. Kama umevunjika, atatafuta kwa mashine nyingine na kupasua. Kama hakuna anayejua, wangoje dawa zifanye kazi.

"Na dawa hizi zinataka wiki tatu," Carolyne alisema. "Sisi tuna siku kumi."

Damaris alikuwa anapangusa sahani ileile kwa muda mrefu.

"Anko Rashidi amekwenda kuutafuta," mama aliendelea. "Nimempigia nikamweleza, akasema mfuko wenye kile kiatu huenda bado uko kwenye mawe. Hii ni mara yake ya tatu, mbili za kwanza aliutafuta mfuko tu. Nilimwambia angoje jioni, akasema jioni yuko zamu."

Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Ni saa ambayo hata mafundi wa ujenzi huzuiwa kufanya kazi juani. Damaris aliyaona mawazoni mawe yale yasiyo na kivuli, na mzee wa watu peke yake akiinama kati ya jiwe na jiwe, akitafuta kitu kilichokuwa chini ya kitanda Al Thumama.

"Mama, mwambie arudi."

"Kwa nini?"

"Mfuko uko chumbani kwangu. Mwiba umo." Kisha, kwa kuwa alijua akinyamaza hapo hatasema tena, alimalizia yote kwa pumzi moja: chaja, tableti, jibu alilompa baba mlangoni, na jibu alilompa baba majini.

Mama hakungoja. Alipiga simu kwanza. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Mara ya nne Rashidi aliitika, akihema, na Carolyne akamwambia aache kila kitu, aingie kwenye kivuli, anywe maji, achukue teksi. Akaweka simu chini, akamgeukia Damaris.

"Ulete," alisema. "Uuweke mbele ya baba yako, wewe mwenyewe."

Damaris aliuleta. Job alikaa kitandani, akageuza kile kiatu mkononi, akautazama mwiba. Ncha yake ilikuwa imekatika, kama penseli iliyovunjika. Alisikiliza maneno ya mtoto wake mpaka mwisho. Kisha akamwomba Carolyne amletee suruali, warudi hospitali saa hiyohiyo.

Daktari alipoona ule mwiba hakupoteza wakati. Jioni ile walipata, ndani karibu na mfupa, kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Kikatolewa.

Rashidi alikuja siku ya pili, Ijumaa, baada ya sala. Uso wake ulikuwa umebabuka kwa jua, na midomo imepasuka. Carolyne alimwomba msamaha mlangoni palepale alipomlaumu, akamkaribisha ndani. Damaris alimletea maji, akasimama mbele yake na kumweleza. Ilikuwa ngumu kuliko kumweleza baba.

Rashidi aliinywa bilauri nzima ndipo akasema.

"Kwa hiyo taa ilikuwa haina moto."

"Haikuwa nao, anko."

"Wiki mbili nalala najiuliza kwa nini sikusema samaki. Nikajiambia, Rashidi, umezaliwa pwani, umemwumiza mwenzako kwa neno moja." Aliweka bilauri chini. "Mtu akibebeshwa kosa lisilo lake lote, mwanangu, hulibeba hata usingizini. Ulijua, ukaniacha nalo."

Damaris alilia. Rashidi hakumnyamazisha haraka. Mwishowe alimwambia Job kwamba na wao watu wazima wana yao: yeye hakueleza mwanzoni ni nani hao wenyewe wa mchangani, kwa kupenda kujifanya mjuzi, na Job aliingia majini bila taa kichwani kwa uchu wa chewa mmoja. Job alikiri. Walikubaliana tangu siku hiyo kwamba gizani neno moja litakuwa na maana moja, na kila sharti litaelezwa na sababu yake.

Jeraha, lililogoma wiki mbili, lilikauka kwa siku saba. Jumamosi ya tarehe mbili Agosti, baada ya magharibi, Job alichukua ufunguo wa gari na kumwita Damaris wateremke pamoja kwenye maegesho. Alikaa kwenye usukani bila kuwasha injini. Akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga. Damaris, kwenye kiti cha pembeni, alikuwa anahesabu kimoyomoyo. Alipofika thelathini baba aliacha.

"Inauma?"

"Kidogo. Inafanya kazi." Alifuta jasho shingoni. "Nimengoja nipone ndipo niseme, maana mtu mwenye maumivu husema vibaya. Taa kutochajiwa ni kosa dogo, Dama. Ungeniambia mlangoni hazijachajiwa, ningenung'unika, tukabaki nyumbani tukala ugali. Hata pale majini, ungesema taa inazima, ningesimama pale pale nilipo nikamngoja Rashidi. Lakini nilikuuliza wewe. Mbele nilikuwa sioni, nyuma sioni. Nilikuwa na jibu lako tu. Nikalikanyaga hilo."

Damaris alitazama mikono yake.

"Unaposema uongo unafikiri unajificha wewe," Job alisema. "Hufikiri kwamba kuna mtu mwingine anakuja nyuma yako, ataweka mguu wake mzima juu ya hayo maneno. Kwa hiyo ukiulizwa, sema lililopo. Likikuaibisha, likuaibishe. Aibu inapita. Mimi kesho nitabeba wauguzi arobaini, na kila mmoja ataingia ndani ya basi kwa kuamini nitakachosema kuhusu mguu wangu. Ndiyo maana nimekanyaga mara thelathini kabla ya kumpigia Marvin."

Kisha akampa Damaris simu, akamwambia atafute jina la Bwana Marvin. Aliongea naye kwa dakika moja. Alisema mguu bado unauma kidogo, breki anaikanyaga vizuri, na daktari ameandika kwamba anaweza kuendesha. Damaris alisikiliza kila neno, na kila neno lilikuwa kama lilivyo.

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili basi la wauguzi lilitoka kwenye ua wa kampuni, Job akiwa kwenye usukani.